Rili ya Marehemu Baba Chini ya Maporomoko ya Murchison

Atokaye Kampala kwenda kuyatazama Maporomoko ya Murchison huishika barabara ya Gulu, akapita Luwero na kufika mto Kafu, na hapo huiacha njia kuu akakata kushoto kuelekea Masindi. Safari hiyo ni ya kilomita zipatazo 210. Kutoka Masindi huingia hifadhini kwa lango la Kichumbanyobo, hupita kivulini mwa msitu wa Kaniyo Pabidi, kisha huteremka taratibu kuelekea bonde la Nili, ambako joto humpokea kabla hajauona mto, na ndorobo humpokea kabla ya joto.

Mimi niliifunga safari hiyo mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, nikiwa na likizo ya siku sita, ufito wa kuvulia, na kigurudumu cha kuvingirishia mshipi ambacho wavuvi hukiita rili. Ufito ulikuwa mpya. Mshipi ulikuwa mpya pia, wa kustahimili uzito wa kilo 20. Rili ilikuwa ya marehemu baba yangu.

Baba alikuwa askari polisi, na katika ujana wake aliwahi kupangiwa kazi Butiaba, katika ufuko wa Ziwa Albert, kabla mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 hazijayainua maji ya ziwa na kuiharibu bandari ile. Rili yake ilikuwa ya aina ya ngoma, nyekundu, iliyoundwa katika mji mdogo wa Svängsta, kusini mwa Uswidi. Kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1921, na kabla ya kushughulika na samaki kilitengeneza saa na mita za kuhesabia nauli za teksi. Vita Kuu ya Pili ilipoiharibu biashara ya mita hizo, mafundi wale wa saa wakaugeuza ustadi wao kuwa rili. Atakayeifungua mojawapo atauona mkono wa fundi saa ndani yake. Baba aliihifadhi yake katika kifuko chake cha ngozi, pamoja na spana ndogo na kichupa cha mafuta kisichozidi kidole. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Alipofariki nikairithi, na kwa muda wa miaka tisa ikakaa juu ya kabati langu bila kufunguliwa hata mara moja. Jioni ya kuamkia safari niliizungusha mkono wake, ukazunguka, nikaridhika.

Mwenyeji wangu alikuwa sajini mstaafu akaaye Masindi, mtu aliyefahamiana na baba tangu zamani, na ambaye huvua chini ya maporomoko kila mwaka kwa kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori. Mimi humwita Afande, ingawa sijapata kuvaa sare. Yeye huniita mwanangu. Alipoiona rili ile ikitoka katika kifuko alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Umeifungua?" Nikamjibu kwamba inazunguka vizuri. Akasema, "Sikukuuliza kama inazunguka." Kisha tukaingia garini, maana saa ilikuwa kumi na moja ya alfajiri.

Maporomoko yenyewe yameandikwa mara nyingi, nami sitarefusha. Nili nzima, ambayo mwendo mfupi juu yake imetanda kwa upana, hubanwa katika mwanya wa mwamba wenye mita saba hivi, na kutoka humo huanguka mita zipatazo 43 kwa kishindo kinachosikika miguuni kabla ya masikioni. Samuel Baker na mkewe Florence waliyafikia mwaka 1864, naye akayapa jina la mkuu wa chama cha wanajiografia cha Uingereza. Katika miaka ya 1970 yaliitwa Kabalega, kwa heshima ya Omukama wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza, na wazee wengi wa Masindi bado hulitumia jina hilo. Kando yake liko poromoko la pili, lililojifungulia njia wakati wa mafuriko ya mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa nchi yetu, nalo likaitwa Uhuru.

Jambo linalomhusu mvuvi ni hili: ukuta ule wa maji ndio uliomzuia sangara, ambaye kwetu wengine humwita mputa, asipande juu tangu kale. Sangara wa Ziwa Viktoria na wa Kyoga walipelekwa huko na binadamu, kuanzia miaka ya 1950. Lakini sangara wa chini ya Murchison ni mwenyeji. Maji yale ni yake. Huweza kufikia urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200, na hukaa pembeni mwa mkondo, mahali ambapo povu hutulia, akiwangoja samaki wadogo walioleweshwa na maji. Ndipo mvuvi naye humngoja yeye. Kazi hiyo hufanywa juu ya miamba yenye utelezi, na mamba wamelala ng'ambo wakiwa wamefumbua vinywa. Kwa hiyo hatukuenda peke yetu, bali tulifuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kijana mpole wa maneno machache.

Yapata saa tatu asubuhi samaki alikula chambo changu.

Nimevua tangu utoto, lakini uzito wa namna ile sikupata kuusikia mkononi. Hakushtua, aliondoka tu, kama lori linaloanza safari. Sasa, kwa msomaji asiyeijua rili, ni lazima nieleze kidogo. Ndani ya rili mna breki. Mvuvi akivutwa kwa nguvu ipitayo kiasi alichokiweka, breki huteleza na ngoma hutoa mshipi polepole, ili samaki achoke pasipo kuukata. Breki hiyo si kitu kikubwa. Ni washa kadhaa, yaani duara bapa zenye tundu katikati, za chuma na za kitu laini zikipokezana, zilizobanwa pamoja na nati yenye umbo la nyota iliyo chini ya mkono wa kuzungushia. Ukiikaza nyota breki huwa ngumu. Ukiilegeza huwa nyepesi. Usalama wote wa mvuvi umo katika duara hizo chache.

Breki yangu haikuteleza. Niliilegeza nyota mzunguko mmoja, kisha miwili, nayo haikutoa hata shubiri. Ufito ukapinda mpaka ncha ikaelekea majini, na nilipokataa kuuachia nikajikuta ninatembea, hatua moja, hatua ya pili, soli za viatu zikiteleza juu ya mwamba wenye ukungu wa maji. Nilisikia Afande akipiga kelele, wala sikufahamu anasema nini kwa sababu ya kishindo cha maporomoko. Mkono ukanishika mkanda wa suruali kutoka nyuma na kunivuta chini. Nikaketi kwa nguvu juu ya jiwe. Wakati huohuo mshipi ukakatika, ukalia kama risasi.

Aliyenishika alikuwa yule askari wa hifadhi. Bunduki alikuwa ameitupa begani. Hakunilaumu, alitazama tu mahali ambapo mguu wangu wa kulia ungekanyaga hatua ya tatu, nami nikatazama pia, na hapakuwa na jiwe.

Afande alikuja akaichukua rili, akaishika ngoma kwa kidole gumba na kuuzungusha mkono kwa nguvu. Ngoma na mkono vilikuwa kitu kimoja. "Washa zimegandana," alisema. "Miaka yote hiyo umeiweka ikiwa imekazwa." Halafu akageuka kuutazama mto, akasema jambo ambalo liliniuma kuliko lile la kwanza: kwamba samaki yule sasa anatembea na ndoana mdomoni na mita arobaini za mshipi nyuma yake, na mshipi wa namna hiyo hauozi, utanasa katika mti uliozama, naye atafungwa hapo, au utamnasa kwazi au mdiria atakayetua mahali pasipofaa. Hatukuvua tena siku ile. Tulishinda tukiokota vipande vya mishipi ya watu wengine katika vichaka vya ukingoni, na mfuko mmoja ukajaa.

Asubuhi iliyofuata, nyumbani kwake Masindi, Afande aliamuru meza ya kulia chakula iondolewe vyombo. Mama, yaani mkewe, aliuliza kama vita vimeanza. Akaombwa taulo kuukuu, mswaki usiotumika tena, sahani ya bati, trei tupu ya mayai, mafuta ya taa kidogo katika kopo, sabuni ya kuoshea vyombo, na ile chupa ya mafuta ya cherehani. Vyote alivitoa bila shida isipokuwa chupa ile. Yeye ni mshonaji wa sare za shule, na Januari ndio mwezi wake. Aliitoa kwa sharti kwamba itarudi mahali pake kabla ya saa nne.

Naandika kwa urefu juu ya kazi ya asubuhi ile kwa sababu wasomaji wengi wa gazeti hili wamewahi kufungua bunduki, au wamemwona baba au mume akiifungua, nao wataitambua mara moja. Taulo lilitandikwa ili skrubu isiruke wala isibingirike. Kila kipande kilichotoka kiliwekwa katika tundu la trei ya mayai kwa utaratibu, kuanzia kushoto kwenda kulia, upande wake wa juu ukiwa juu. Wakati wa kufunga mtu huanza na cha mwisho kulia na kurudi nyuma. Mjukuu wake, kijana wa sekondari, alisimama na simu akipiga picha kila hatua. Afande alisema zamani walichora kwa penseli, na kwamba picha ni bora, ila trei ya mayai haiishiwi na umeme.

Kwanza tuliifuta rili kwa nje kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni. Alinionya nisiiweke chini ya bomba lililofunguliwa kwa nguvu, wala nisiizamishe katika beseni, kama wafanyavyo wengi wakidhani wanaisafisha; maji ya nguvu huusukuma mchanga ndani, mahali ambapo haukuwa umefika. Kisha tulifungua zile skrubu tatu za kuzungushwa kwa vidole, ngoma ikatoka. Mshipi mpya tuliuondoa wote. Chini yake, katika kitovu cha ngoma, palikuwa na mabaki ya mshipi wa zamani wa baba, umegeuka rangi na kukakamaa kama uzi wa kushonea viatu. Afande alitaka kuutupa, nilimwomba anipe.

Halafu ukafuata upande wa mkono wa kuzungushia. Nati ya mkono hulindwa na kibati kidogo chenye skrubu moja ndogo. Asiyekijua kibati hicho huivunja nati kwa nguvu zake mwenyewe. Spana ya baba kutoka katika kifuko iliingia barabara. Mkono ulitoka, nyota ikatoka, na chini ya nyota zikatoka washa mbili ndogo za springi zilizopinda kama kisahani, ambazo Afande aliniamuru nizitazame kwa makini zimeelekea wapi kabla ya kuzinyanyua. Kifuniko kilipofunguliwa tulikuta mambo yalivyokuwa.

Gia kubwa ilikuwa imezungukwa na kitu cheusi kama lami. Sikuelewa kimetoka wapi, maana baba hakuwa mtu wa kupaka uchafu. Ndipo nilipokumbuka, nikakiri mbele ya Afande: mwaka mmoja baada ya mazishi, mimi mwenyewe niliipeleka rili kwa fundi mmoja huko mjini, bingwa wa kutengeneza baiskeli na pikipiki, naye akanirudishia siku hiyohiyo akijisifu kwamba ameijaza grisi ya kutosha miaka ishirini. Grisi ile ilikuwa ya magurudumu ya magari, na aliijaza kama mtu ajazaye sambusa. Kwa miaka minane ilikuwa imekauka, ikashika vumbi, na mbaya zaidi ilikuwa imepenya kati ya washa za breki na kuzigandisha kama gundi. Sikumlaumu fundi yule zaidi ya nilivyojilaumu mimi. Yeye aliipatia rili alichokuwa nacho; mimi nilikuwa na kichupa cha mafuta mepesi ndani ya kifuko, nisijiulize kiliwekwa humo kwa sababu gani.

Gia na vipande vya chuma tulivipiga mswaki kwa mafuta ya taa mpaka shaba ikang'aa. Petroli Afande haitaki kabisa: huharibu vipande vya plastiki, na nyumba yenye jiko la mkaa linalowaka si mahali pa kuifungulia. Kazi ya mafuta ya taa nayo tuliifanyia barazani, mbali na jiko. Baadaye vyuma vilioshwa kwa maji na sabuni ili mafuta ya taa yatoke, vikasuuzwa, vikakaushwa kwa kitambaa na kuachwa juani kwa muda wa kunywa chai. Kisicho kavu kabisa hakifungwi ndani.

Washa laini hazikuguswa na mafuta ya taa. Katika rili za zamani huwa za ngozi au za kitambaa kigumu kilichoshindiliwa, katika za siku hizi nyingi ni za nyuzi za kaboni. Zilitenganishwa taratibu kwa ncha ya kisu butu, zikafutwa kwa kitambaa kikavu, na kukaguliwa moja baada ya nyingine kwenye mwanga wa dirisha. Mbili zilikuwa nzima. Ya tatu ilikuwa imelika ukingoni na kung'aa kama kioo, na washa inayong'aa haishiki sawasawa: hung'ang'ania kwanza, halafu huachia ghafla, na mshipi hukatika katika ule wakati wa kung'ang'ania. Nilidhani safari yetu imekwisha hapo. Afande aliingia chumbani, akatoka na mkebe wa tumbaku uliojaa vipande vya rili zilizokufa, na humo akaipata washa iliyolingana. Mkebe huo, alisema, umekusanywa kwa miaka thelathini. Hakuna rili inayotupwa nyumbani kwake kabla ya kuchambuliwa kama kuku wa sikukuu.

Katika kutia mafuta ndipo Afande alipoonyesha ubahili usio wa kawaida kwake. Meno ya gia yalipakwa grisi nyepesi kwa ncha ya kijiti, utando mwembamba tu, kiasi cha kuona rangi yake. Ncha mbili za mhimili wa ngoma zilipewa tone mojamoja la mafuta ya cherehani. Tone jingine lilikwenda kwenye kishikio cha mkono, na jingine kwenye ile skrubu ndefu yenye mifereji inayokatana, inayompeleka kiongozi wa mshipi kushoto na kulia ili mshipi ujipange vizuri kwenye ngoma. Mifereji hiyo ndiyo hukusanya mchanga kuliko sehemu nyingine yoyote, na ilisafishwa kwa uzi wa pamba uliopitishwa huku na huku. "Mafuta yakizidi hushika vumbi," alisema Afande, "na vumbi likishika mafuta huwa msasa."

Wakati wa kufunga, springi moja ndogo, isiyozidi punje ya mchele, ilinichomoka katika vidole na kutoweka. Tulipiga magoti watatu, sajini mstaafu, mjukuu, na mimi, tukapapasa sakafu kwa muda wa nusu saa. Mama alituangalia, akaenda akaleta ufagio laini, akafagia kutoka ukutani kuelekea katikati ya chumba, na springi ikatokea pamoja na vifungo viwili vya sare. Tangu hapo nimekuwa nikifanya kazi ya springi ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha, mikono ikiwa ndani ya mfuko. Kikiruka kitu, hakiendi mbali.

Afande aliifungua na rili yake, akisema meza ikichafuka ichafuke mara moja. Hiyo ni ya aina ya pili, ambayo bobini yake haizunguki wakati wa kuvuta, bali upinde wa waya huzunguka na kuuviringisha mshipi juu yake. Aina hiyo ilisajiliwa nchini Uingereza mwaka 1905 na bwana mmoja wa viwanda vya nguo vya Yorkshire, Alfred Illingworth, na inasemekana wazo lake alilipata kwa kutazama bobini za nyuzi kiwandani. Mama alipoelezwa hivyo alisema ameijua siku zote kuwa ni cherehani iliyopotea njia. Katika rili za namna hiyo kigurudumu kidogo kilicho kwenye upinde, kinachopitisha mshipi, ndicho cha kuangaliwa kwanza. Kikikwama, mshipi husuguana nacho mahali pamoja mpaka ukalika. Tone moja, basi. Na aendaye Mombasa au Malindi kuvua baharini asingoje mwisho wa msimu: aifute rili kwa maji baridi jioni ileile, kwa maana chumvi haina subira kama mchanga wa Nili.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuipima breki. Mama ana mizani ya kuning'iniza ambayo hupimia maharage. Tulifunga mshipi kwenye ndoano ya mizani, mjukuu akaishika, nami nikarudi nyuma uani nikiwa na ufito, huku Afande akisoma. Mshipi wa kilo 20, alisema, usipewe breki ipitayo robo yake au theluthi. Tukaikaza nyota mpaka ngoma ikaanza kutoa katika kilo tano. Nilivuta tena na tena. Ilitoa mshipi kwa sauti moja laini, bila kushtuka, kama mlango uliotiwa mafuta bawabani. Afande alifumba macho akaisikiliza. Alisema kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa ikilia Butiaba.

Saa nne ilikuwa imepita, na Mama alikwisha kuichukua chupa yake.

Siku ya nne tulirudi chini ya maporomoko, tukiwa na askari yuleyule. Asubuhi nzima hapakuwa na kitu. Nyani walikuja wakatazama mikoba yetu wakaenda zao. Mchana, jua likiwa kali hata mwamba haukaliki, uzito ule wa lori ukaja tena mkononi, ingawa safari hii lori lilikuwa dogo. Nilipiga hatua moja nyuma badala ya mbele. Ngoma ikaanza kutoa mshipi, nami sikufanya lolote ila kuishika na kuisikiliza. Sangara alikwenda hadi ukingo wa povu, akaruka mara moja akitikisa kichwa, akaanguka, akaenda tena. Mara tatu nilimrudisha na mara tatu breki ikamwachia. Baada ya dakika kama ishirini alikuwa ubavuni mwa jiwe, macho yake yakiwaka rangi ya dhahabu ndani ya maji. Afande alimkadiria kilo kumi na tano. Ndoana ilitoka kwa koleo bila damu, askari akimulinda mtu aliyeinama asije akageuziwa kisogo na mamba, na samaki akasimama kidogo katika maji ya kina kifupi, kisha hakuwapo.

Hakuwa yule wa kwanza. Mdomoni hapakuwa na alama ya ndoana nyingine. Nilikuwa nimetazama.

Jioni, Masindi, kabla ya kunawa mikono niliilegeza nyota mpaka washa zikawa huru, nikaifuta rili, nikaiweka juu ya gazeti ipate hewa usiku kucha. Kifuko kilibaki wazi kando yake. Nilipoamka kwenda Kampala nilikuta ndani ya kifuko, pamoja na spana ya baba, mswaki ule kuukuu umefungwa kwa kitambaa, na kichupa cha baba, kilichokuwa kikavu kwa miaka tisa, kimejaa mafuta ya cherehani mpaka shingoni. Mama alikuwa tayari mashineni, akishona kola.